Picha Iliyotazama Ukuta

Johannesburg
4 Machi 2025

Mauza shosti wangu,

Nimefika salama, chakula chao hakina pilipili, na leo ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kukaa. Umenikataza kukupigia kwa kuwa mzee wako, Ami Muhiddin, anakaa ubavuni mwako kutwa nzima, na simu yako kila neno linasikika hadi duka la jirani. Sawa. Nitakuandikia imeili ndefundefu kama watu wa zamani walivyoandikiana, na wewe ujibu, usiniletee vile vidole gumba vyako.

Maonyesho yamefunguliwa. Ukumbi ni mweupe mpaka unaogopa kuegemea. Picha zangu zote za Kariakoo zimo. Kila moja nimeichapisha kwa ukubwa uleule wa kitu chenyewe, nikaitundika kwa urefu uleule kilipo dukani. Mizani mbovu ya Abubakary, ile aliyoachiwa na babu yake na haipimi hata karafuu, iko usawa wa kiuno. Redio ya Mwinyimvua muuza vipuri iko chini kabisa, watu wanachuchumaa kuitazama. Na ya kwenu, ile fremu iliyogeuziwa ukuta, iko juu karibu na dari, kama ilivyo juu ya kaunta yenu. Beno, msimamizi wa maonyesho, Mbongo mwenzetu aliyehamia huku siku nyingi, alitaka niishushe. "Dada, watu wataumia shingo." Nikamwambia waumie. Dukani kwa Ami Muhiddin shingo zinauma miaka yote.

Mlangoni nimeandika neno moja tu, kubwa: HAVIUZWI. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Mauza. Kariakoo kila kitu kina bei, hadi mfuko wa kubebea ulichonunua. Lakini ingia duka lolote, utakuta kitu kimoja ambacho ukikiulizia bei mwenye duka anabadilika uso. Nimevipiga picha vitu hivyo, na picha nazo haziuzwi. Maonyesho yakiisha kila moja inarudi kwa mwenye kitu, bure, aifanye anavyotaka. Nataka hawa waliozoea kununua kila kilichotundikwa ukutani wasimame mbele ya kitu wasichoweza kukinunua, nione watafanya nini.

Unajua wanachofanya? Wanasimama kwenye ya kwenu. Picha ya mgongo wa picha! Ubao wa nyuma, misumari imeshika kutu, kamba, utando wa buibui. Wanaipita mizani, wanaipita redio, wanaganda pale. Jana bwana mmoja kaniuliza, "Upande wa pili kuna nani?" Nikajibu, "Kijana wa mwenye duka." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa siri.

Ami umeshamwambia kwamba picha yake iko huku? Mpe shikamoo yangu. Na Ramadhani njema kwenu wote.

Wako,
Bhoomi


Kariakoo
9 Machi 2025

Bhoomi,

Sijamwambia na sitamwambia. Shikamoo yako nimeifikisha, kaitikia marahaba, kisha kauliza, "Huyo binti Kanubhai yuko wapi siku hizi?" Nikasema Afrika Kusini, kikazi. "Kazi gani?" Nikajifanya nahudumia mteja.

Naomba uelewe nilipo. Ulipiga picha ile Baba akiwa msikitini, swala ya adhuhuri, na ngazi nilikushikia mimi. Likibumburuka, wewe uko huko na ukumbi wako mweupe, mimi niko hapa na baba yangu. Na ukiulizwa tena upande wa pili kuna nani, sema hujui. Marehemu kaka yangu Turki unamkumbuka, alivyokuwa akitubeba mgongoni kwenye ngazi za nyumba yenu. Lakini picha yake ile hujawahi kuiona uso. Mimi mwenyewe mara ya mwisho kumwona pale ukutani nilikuwa mtoto.

Dukani ni vurugu la Ramadhani. Wanawake wanashika kila jora, wanavuta, wananusa, wanasema rangi itatoka, halafu wananunua. Saumu imewakausha koo lakini kuomba kupunguziwa hawaachi.

Habari mbaya ni kwamba nyumba tuliyopanga duka imeuzwa. Warithi wa mwenye nyumba wamekubaliana, na mnunuzi anabomoa ajenge ghorofa la fremu tupu za maduka. (Juzi nilimwambia mteja mmoja kwamba rafiki yangu anapiga picha za fremu. Akaniuliza ziko mtaa gani na kodi yake ikoje.) Tumepewa mpaka baada ya Idi. Baba kapata chumba kidogo cha duka upande wa Gerezani. Nikamuuliza tutaanza kuhamisha nini. Kasema vitenge, halafu hariri, halafu mashuka.

"Na picha?"

Sijawahi kuitaja mbele yake tangu igeuzwe. Kaendelea kukunja kitambaa chake. Kasema, "Picha itabaki."

Itabaki wapi, Bhoomi, na nyumba inavunjwa? Nikifikiria kwamba yeye hata kuigusa hawezi, na huko kwenu watu wanaitazama hadi shingo zinauma, najuta kukushikia ile ngazi. Nilikuruhusu kwa sababu ulisema itarudi. Basi irudi.

Mauza


Johannesburg
21 Machi 2025

Mauza,

Usinicheke wala usinikasirikie mpaka umalize kusoma.

Jumba moja la makumbusho la hapa linataka kuinunua picha ya kwenu. Wanataka kuiweka moja kwa moja, kwenye chumba kimoja na kazi za watu ambao mimi niliwasoma chuoni. Nimekataa. Nimewaambia wakasome tena mlangoni. Wakaondoka, wakarudi, wameongeza. Beno akacheka. "Bhoomi, hilo neno lako haviuzwi ndilo linaloiuza. Ungeweka bei ya kawaida wangeipita."

Maneno yale yamenikaa rohoni. Nilitaka kuwaonyesha watu kitu kisichoingia sokoni, na kumbe nimewaonyesha namna mpya ya kukitamani. Na nikuambie ukweli mwingine: nimefurahi. Baba yangu mpaka leo akiulizwa binti yako anafanya nini, anajibu, "Ananisaidia dukani." Sijasimama nyuma ya ile kaunta yake ya makufuli tangu nimalize shule. Mama ndiye anayenikingia kifua, naye hata hajui anakinga nini. Fikiria siku moja niwakalishe wote wawili mbele ya ukuta wa makumbusho. Lakini nimekataa, usiwe na wasiwasi.

Kuna jambo nakuomba. Wale watu wameniuliza kama ipo picha ya upande wa mbele, ziwekwe mbili pamoja, mgongo na uso. Mimi sitawapa. Ila nimeanza kuitaka kwa ajili yangu. Mkihama, kabla haijafungwa, mpige Turki hata kwa simu unitumie.

Na nikuulize nilichokuwa naogopa kuuliza siku zote. Turki alikufaje hasa? Sisi tulikuwa Tanga, tuliporudi nikakuta picha imegeuzwa na kila mtu ananiambia "maji ya Jangwani," basi.

Bhoomi


Kariakoo
27 Machi 2025

Bhoomi,

Siipigi. Hata ungeniomba kwa magoti.

Umeuliza alikufaje. Wengi wameuliza, sijamjibu yeyote. Wewe nitakujibu kwa sababu alikubeba mgongoni. Tumemaliza daku, Baba kaenda msikitini, naandika kabla sijafungua duka.

Mwaka ule wa mafuriko nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko likizo kwa Shangazi Dalia, Magomeni. Siku yenyewe siikumbuki vizuri. Kifua kilinibana, ile pumu yangu, nikalazwa zahanati. Waliponirudisha nyumbani nilikuta turubai na viti mtaani, nikadhani kuna harusi.

Baba alisimulia mara moja tu, mbele ya ndugu wote. Alikuwepo mteja Magomeni mwenye sherehe, anasubiri majora yake. Baba akamwambia Turki ayapeleke. Turki akasema, "Baba, bonde la Jangwani limejaa maji, tungoje yapungue." Baba akasema mteja hangojeshwi. Turki akatoka na majora begani. Magari hayapiti, watu wanavuka kwa miguu wameshikana mikono, naye akaingia. Wenzake walifika ng'ambo. Yeye alipatikana bondeni maji yalipopungua.

Baada ya arobaini Mama ndiye aliyetundika picha. Baba hapendi picha ukutani, tangu zamani hapendi, lakini hakumzuia. Akawa anauza chini yake. Kisha asubuhi moja tumefungua duka tukaikuta imegeuzwa. Mama akamwambia, "Kama humtaki hapa, mshushe nimpeleke nyumbani." Baba akajibu, "Kumtazama siwezi. Kumshusha siwezi." Mama akafunga mdomo mpaka alipofariki. Mimi pia. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza Baba neno lolote kuhusu siku ile.

Sasa unajua watu wako wanatazama nini. Hayo ya buibui na misumari waachie wenyewe. Pale yupo baba aliyemtuma mwanawe kwenye maji.

Nimekuandikia wewe. Sikumwandikia Beno wala makumbusho. Ukimaliza kusoma, ifute.

Mauza


Johannesburg
18 Aprili 2025

Mpendwa Mauza,

Idi njema, ingawa nimechelewa. Niwie radhi kwa ukimya, kazi zimenizidi.

Barua yako ilinifikia. Sina la kusema kuhusu Turki isipokuwa Mungu ampumzishe. Nimeisoma mara nyingi.

Maonyesho yameongezewa muda, kwa hiyo picha itachelewa kidogo kurudi. Utaratibu wa huku ni mrefu, nitakueleza tukionana. Huku baridi imeanza, nimelazimika kununua viatu vya kufunika, vya ngozi, vizuri sana, nimekuwekea jozi na wewe. Saizi yako bado ni ileile?

Msalimie Ami. Naona kwenye habari mvua zimeshika huko. Natumaini mlihamisha bidhaa mapema.

Wako,
Bhoomi


Kariakoo
6 Mei 2025

Bhoomi,

Walikuja jana. Vijana wawili wa chuo na mwanamke mmoja mgeni. Tulikuwa tunafunga maboksi, nilidhani wanataka vitenge vya kumalizia. Kijana mmoja akanyoosha kidole juu ya kaunta. "Ndiyo hii! Ndiyo yenyewe!"

Baba akawakaribisha. "Ipi, mwanangu?"

"Hii picha, mzee. Iko makumbusho, Johannesburg. Wameinunua. Hukujua?"

Akamwonyesha kwenye simu. Kisha, nadhani alitaka kumfurahisha, akamsomea maandishi yaliyobandikwa pembeni yake, anayageuza kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Kwamba huyu ni baba aliyemtuma mwanawe kwenye maji. Kwamba mtoto alisema tungoje yapungue, na baba akasema mteja hangojeshwi. Yote, Bhoomi, kama nilivyokuandikia. Hadi "Kumtazama siwezi, kumshusha siwezi," alimsomea mtu yuleyule aliyeyasema.

Baba alinitazama mara moja tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu akavuta stuli akapanda, na miguu yake unaijua. Nikasema, "Baba, shuka, nitakufanyia mimi." Hakunisikia. Akaishika fremu kwa mikono miwili, akaigeuza. Utando ukamwangukia kwenye kofia.

Turki kavaa shati la bluu, kola imesimama upande mmoja, anacheka kicheko cha mtu aliyeambiwa asicheke. Jino lake moja la mbele limepanda la pembeni. Nilikuwa nimelisahau lile jino. Nilikuwa nimeusahau uso wa kaka yangu, na nimeukumbuka mbele ya watu nisiowajua, wamenyoosha simu.

Yule mgeni akamnong'oneza kijana. Kijana akaona aibu, lakini akasema. "Mzee, samahani. Anaomba, kama haitakusumbua, uirudishe ilivyokuwa. Amekuja kwa ajili ya ile."

Baba akashuka taratibu. Akasema, "Ile mliyoifuata iko Johannesburg. Hapa yupo huyu."

Wakaaga. Baba alifunga duka mchana. Tangu hapo anaswali, anakaa. Nilichopika hakugusa, na hajaniuliza kitu, ndicho kinachonimaliza. Angenifokea ningejua pa kuanzia.

Uliniambia utaratibu ni mrefu. Uliniandikia habari za viatu.

Usinipigie.

Mauza


Johannesburg
7 Mei 2025

Mauza,

Nimepiga, umezima. Unayo haki.

Niliweka saini wiki ya Idi. Hakuna aliyenilazimisha, na shida ya fedha sikuwa nayo. Walisema wataitundika juu karibu na dari, kama nilivyotaka, na jina langu litakuwa mlangoni. Nikajiambia hiyo si kuuza, hiyo ni kumpa Turki mahali ambapo hatavunjiwa nyumba. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini.

Kisha wakaomba maneno machache ya kubandika pembeni. Niliandika yangu, yakatoka maneno makavu ya chuoni, kuhusu thamani na soko na mtazamaji. Beno akayasoma akasema, "Haya hayana damu." Barua yako nilikuwa sijaifuta. Nikachukua humo. Sikuandika jina la Ami wala lako wala mtaa, nikaona inatosha. Lakini picha za maduka mengine zilikuwa na majina, na mtu akitaka kulipata duka la vitambaa Kariakoo lenye picha iliyogeuzwa, anauliza mara mbili tu.

Kesho naenda kuwaomba waniuzie tena. Nitaileta mwenyewe mpaka mkononi mwa Ami. Niambie nimwambie nini. Nikuambie wewe nini.

Bhoomi


Johannesburg
20 Mei 2025

Mauza,

Hujajibu, naandika tu.

Wamekataa kuirudisha. Mkataba uko upande wao, mwanasheria niliyemuuliza hakutumia hata dakika nyingi. Nilichopata ni kibandiko kuondolewa. Nilisimama palepale mpaka fundi wao akakibandua na kufuta gundi. Sasa pembeni hakuna neno.

Nilirudi baada ya siku kadhaa kuangalia. Watu bado wanainua shingo, na wakiuliza, mlinzi wa chumba anawasimulia. Ameyashika yote kichwani, ya mteja, ya majora, na sauti anaigiza. Nikamwomba aache. Akaniambia, "Dada, hiyo ndiyo inayowafanya wasimame." Nimeongea na wakubwa wake, wamesema wataangalia.

Fedha yao iko ilivyoingia. Sitakutajia wala sitakuletea, najua utaona nimekutukana mara ya pili.

Maonyesho yamefungwa. Picha nyingine zote nazirudisha kwa wenyewe mwezi ujao, kwa mkono wangu. Nijibu hata neno moja. Hata tusi.

Bhoomi


Gerezani
1 Juni 2025

Bhoomi,

Tumehama. Chumba ni kidogo, kinanuka grisi ya majirani, na basi la mwendokasi likipita rafu zinatetemeka. Picha ya Turki Baba kaibeba mwenyewe, kaitundika mwenyewe, uso kwa watu. Wateja wanauliza huyu nani, anawajibu, "Mwanangu." Basi.

Nilikuwa nimeapa sikuandikii tena. Lakini kibandiko chako kimefanya jambo ambalo hukulijua, na nataka ulijue.

Twaha, mtoto wa Shangazi Dalia, aliyaona maandishi yale kwenye simu kabla hujayaondoa, akamsomea mama yake. Shangazi akaja dukani siku hiyohiyo. Baba alikuwa ameenda kuswali alasiri. Hata kukaa hakukaa.

"Nani kaandika kwamba kaka yangu alimtuma mtoto kwenye maji?"

"Shangazi, Baba mwenyewe ndiye aliyesema. Mbele yenu wote."

"Alisema, na sisi tukanyamaza. Lakini yale tulinyamaza ndani ya nyumba yetu. Sasa dunia nzima inamsoma kaka yangu kama mtu asiye na huruma, nami ninyamaze? Sherehe gani ile, Mauza? Nani anafanya sherehe kwenye mafuriko?"

Kisha akakumbuka anaongea na nani. Nimemwona anakumbuka. Akaanza kutafuta mkoba wake uliokuwa begani kwake mwenyewe.

Nikasema, "Malizia."

"Niache niende, mwanangu."

Nikasimama mlangoni. Nikamwambia hatoki.

Alimaliza huku analia. Siku ile, nilipoanza kukosa pumzi, dawa yangu ya kuvuta ilikuwa imebaki dukani, kwenye droo ya kaunta. Shangazi akapiga simu dukani anapiga kelele kwamba mtoto anakufa mikononi mwake. Baba akatoka mbio kutafuta gari lolote litakalokubali kuzunguka. Turki hakumngoja. Akachukua dawa, akaitia mfuko wa shati, akamwambia wa duka la jirani, "Mwambie Baba nimetangulia." Baba alirudi na teksi akakuta droo iko wazi.

Na mimi wakati huo jirani wa Shangazi alikuwa ameshanipakia kwenye mkokoteni hadi zahanati. Walikuwa na dawa. Turki anaingia majini, mimi nimeshapumua, nimelala.

Hakukuwa na majora. Hakukuwa na mteja. Baba aliwakusanya ndugu kabla sijaletwa nyumbani, akawaambia, "Nilimtuma mimi. Mtoto asisikie lingine." Wote wakashika hivyo, na Mama akaenda nalo kaburini.

Baba aliporudi kutoka msikitini nilikuwa nimekaa juu ya robota la mashuka. Shangazi ameshaondoka.

"Shangazi alikuja," nikasema.

Akavua viatu, akavipanga. "Kakwambia."

"Kaniambia."

Nje kuna fundi alikuwa anagonga chuma. Tukangoja aache.

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili," Baba akasema. "Ningekwambiaje?"

"Ungeniambia nilipokua."

"Nilikuwa nangoja ukue."

Nikamuuliza kwa nini basi aliigeuza picha, kama hakumtuma, kama hana kosa. Akavua kofia, akaiweka juu ya kaunta.

"Ulikuwa ukitoka shule unakuja kukaa pale kaunta," akasema. "Unainua macho unamtazama kaka yako, halafu unanigeukia mimi. 'Baba, kwa nini ulimtuma?' Kila siku, Mauza. Ulikuwa mtoto, hukuwa na ubaya. Mimi nikaona iko siku nitachoka, nitakujibu. Nikaigeuza. Ukaacha kuuliza."

Bhoomi, mimi hilo silikumbuki. Silikumbuki hata kidogo. Nimejaribu tangu siku ile.

Nililia, yeye hakulia. Alingoja nimalize, kisha akaniuliza, "Kifua chako kikoje siku hizi?"

"Kizima, Baba."

"Dawa unatembea nayo?"

Nikafungua mkoba nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mkasi akaendelea na kitambaa cha mteja aliyekuwa anasubiriwa kesho yake.

Jana kaniambia nikuandikie. Kasema nikuombe habari hii ya sasa usimwambie mtu yeyote, na kwamba ile ya kwanza, ya kumtuma, uwaachie waendelee nayo. Hajali wanamwonaje. Nimemwambia nitakuandikia, na nimekuandikia. Kuomba, sikuombi. Uongo ule ndio kitu ambacho Baba alinitunzia miaka yote hii, na wewe uliutundika ukutani hadi ukaanguka. Sasa unayo ile ya kweli. Nilizunguka kichwani kutafuta mtu mwingine wa kumwambia, sikumpata. Nimekuta ni wewe tu, na hilo linaniuma kuliko yote uliyonifanyia.

Mauza